Katarina, Mdhamini wa Watu wa Sinema

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Katarina Nampunju atarudisha kipaza sauti stoo, baada ya kukishika kwa miaka thelathini na miwili hapa Sinema Tembezi, Lindi. Mtunza stoo anaombwa akikague vizuri. Kimetemewa mate ya kutosha, kimewahi kuangukia kwenye mchuzi wa pweza, na kimesema uongo mwingi kuliko kifaa kingine chochote cha ofisi hii.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu mimi, Faustino, dereva wake na fundi wa jenereta, kwa sababu wengine wote walidai wametingwa. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Nimemsikiliza mama huyu akiongea barabarani kutoka Lindi hadi Kilwa na kurudi, miaka nenda rudi, na hii ndiyo nafasi yangu ya kwanza kumaliza sentensi.

Bi. Katarina alizaliwa Newala, kule juu ambako bahari huisikia kwa watu, akateremka Lindi kuolewa. Mwaka 1993 aliajiriwa kukata tiketi. Msimulizi wetu wakati huo alikuwa Mzee Klementi, mtu msomi, aliyetafsiri filamu neno kwa neno kwa sauti ya kutangaza msiba. Siku moja tuko Nangurukuru, watu wamejaa, mafua yakamkaba mzee wa watu asiweze hata kukohoa. Katarina akaacha tiketi mezani akachukua kipaza sauti. Filamu ilikuwa ya ngumi, ya Kichina. Kichina hakijui, na Kiingereza chake kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Hilo halikumsumbua hata kidogo. Mpaka filamu inakwisha, wale Wachina walikuwa ndugu wawili wa Masasi wanaogombania mikorosho ya mjomba wao, na nusu ya watazamaji walikuwa wameshachagua upande. Mzee Klementi alipopata sauti tena, hakuna aliyemuuliza kama anaitaka kazi yake.

Tangu hapo hakuna mtu aliyepita kwenye pazia letu la sinema bila kupewa ukoo. Majambazi wa Bi. Katarina huamkia shikamoo kabla ya kupora benki, na mzee wa benki huitika marahaba akiwa amenyoosha mikono juu. Majenerali huulizana habari za nyumbani mpaka kombora limeshapita. Mpumbavu wa kila filamu ni Mmakonde, kama yeye mwenyewe, ili watani wacheke na asitokee wa kulalamika. Tulipata kulalamikiwa na mgeni mmoja tu, mzungu aliyekuwa anapita, ambaye alisema filamu ile yeye anaijua na haina shamba la muhogo ndani yake. Katarina alimwambia aiangalie vizuri.

Sasa niwaeleze hili la udhamini, kwa faida ya wafanyakazi wapya wanaodhani ni hadithi za jikoni. Lilianzia Milola, mwaka wake wa pili kazini. Tulionyesha filamu ya mwanamume aliyemwacha mkewe mgonjwa akaenda kula raha mjini. Muziki wa mwisho ulipolia, mimi nikaanza kukunja nyaya, lakini watu hawakunyanyuka kwenye mikeka. Akasimama mama mmoja akauliza ni nani anayemjibia yule bwana. Macho yote yakamgeukia Katarina, maana yeye ndiye aliyekuwa akimsemea jioni nzima. Basi akaomba msamaha kwa niaba yake. Wakauona msamaha haujakolea, wakampiga faini: asubuhi akapukuchue mahindi kwa mama yule. Akaenda akapukuchua.

Likawa ndilo jambo la kwetu. Kila filamu ikiisha, kikao huanza mkekani. Aliyekosa ndani ya filamu hushtakiwa, na aliyemsemea ndiye mdhamini wake, hujibu, huomba radhi, hulipa faini. Wataalamu wa mjini huuliza filamu ilipendwa kwa kiasi gani. Huku filamu haina nzuri wala mbaya mpaka kesi yake imekwisha. Katarina amewapukuchulia watu mahindi kwa dhambi za wauaji, walaghai, wafalme na mganga mmoja wa Ulaya aliyetengeneza maiti ikatembea. Mimi nimekaa kwenye usukani nikimsubiri amalize, jua linapanda, na gari la ofisi linazidi kuzeeka.

Miaka mitatu iliyopita akaja Bw. Benjamin, meneja wetu wa vipindi, kutoka Dar es Salaam. Ni kijana mzuri, mchapakazi, na anaruhusu niandike hivi. Alikuja na projekta mpya na filamu ya vichekesho vya kifamilia, ambayo tayari ilikuwa imewekewa Kiswahili safi na waigizaji wa studio. Baba mmoja wa ughaibuni ananunua mashua ya tanga bila kumuuliza mkewe. Anampakia mke, watoto watatu na mama mkwe, anang'oa nanga kwenda kuzunguka visiwa, na kuendesha hajui. Ramani anaisoma kichwa chini miguu juu. Nanga anaitupa kabla ya kuifunga kamba. Mtoto wa mwisho anawalisha ndege mikate yote. Mama mkwe yeye hana hata neno moja, kazi yake ni kutapika na kupiga mayowe. Mwishoni wanakwama kwenye mchanga mbele ya nyumba yao wenyewe, wanakumbatiana, basi.

Benjamin hakuficha mpango wake. Alituambia kikaoni kwamba Miteja filamu hiyo itaonyeshwa kwa sauti ya studio, na Milola kwa sauti ya Bi. Katarina. Watazamaji wa Miteja wakiikubali, kipaza sauti kinaingia stoo, na Bi. Katarina anarudi kwenye meza ya tiketi mpaka astaafu. Miaka mitatu ya kukata tiketi kimyakimya, mwanamke yule! Tulimgeukia tukitegemea radi. Hakusema kitu. Nilipoona hivyo nilimuuliza kama anaumwa.

Miteja walicheka. Lazima niseme kweli, walicheka kuliko nilivyowahi kuwasikia, na walicheka mahali panapotakiwa. Nanga ilipozama bila kamba, wazee waligaragara. Kiswahili cha studio kilikuwa kinateleza, kila neno linasikika, hakuna msimulizi wa kukohoa katikati ya busu. Benjamin alikuwa amesimama karibu na jenereta meno nje. Katarina alikaa kwenye meza ya tiketi amekunja mikono, na nilimwonea huruma mpaka nikampa soda yangu. Aliinywa yote.

Filamu ikaisha, makofi, taa zikawashwa. Watu wakabaki mkekani. Benjamin akawashukuru na kuwatakia usiku mwema. Wakabaki. Ndipo akasimama Bw. Yassin, mkulima wa ufuta, akauliza kwa adabu zote ni nani anayemjibia yule baba. Kuharibu mashua si neno, alisema, mashua ni mali yake. Lakini amemchukua mkwe wake, mama mtu mzima, akamlaza kwenye chumba kimoja naye, pazia hakuna, na akawa anamtazama anavyotapika. Wenzangu wa Dar mtusamehe. Huku mama mkwe na mkwewe hata kwenye njia nyembamba mmoja humpisha mwenzie. Na mashua ile, kwa macho ya Miteja, ilikuwa chumba kimoja chenye tanga.

Benjamin alieleza kuwa ni kichekesho. Wakamwambia wamecheka, asiwe na wasiwasi, sasa wanataka kesi. Akaeleza kuwa wale ni watu wa nje na kwao ni kawaida. Wakasema hata wa nje wana wakwe. Mwisho, maskini, kwa nia njema kabisa, akasema ile ni sauti ya kurekodi na hakuna mtu wa kuijibia. Hapo ndipo alipokosea. Bw. Yassin akasema kama baba yule hana mdhamini, basi kesi yake ibaki wazi, na ikiwa wazi Miteja haitaki filamu nyingine. Wakakunja mikeka wakaenda zao. Benjamin alimwomba Katarina anyanyuke aseme neno lolote. Alikataa katakata. Yeye, alisema, haombi radhi kwa maneno asiyoyasema.

Msione kwamba alikuwa ameshinda. Benjamin mwenyewe alituambia njiani kuwa watu wamecheka na kazi ya kichekesho ni hiyo, sasa tuone kama Milola watacheka nusu yake. Na Milola walikuwa wameshapigiwa simu. Walikuwa wakimsubiri baba wa mashua kama mwizi wa kuku. Ikiwa nako kesi itabaki wazi, hakuna msimulizi wala studio itakayokuwa na kazi, na Katarina alilijua hilo.

Mimi nilimpa ushauri ambao mpaka leo nauona wa maana: mama mkwe amgeuze shangazi. Neno moja tu, kesi imekufa. Mtu aliyewahi kumgeuza papa kuwa mjumbe wa nyumba kumi anashindwa nini na shangazi? Katarina akanitazama kama mtu aliyeharibikiwa na moshi wa jenereta. Akasema Milola wana macho, watamwona bwana yule anavyomwogopa yule mama, na hakuna mtu anayemwogopa shangazi namna ile.

Milola walicheka, lakini si kama Miteja. Kwa mara ya kwanza Katarina alisimulia bila kumpa mtu muhogo. Vichekesho vingine alivipita vivi hivi, na Benjamin aliviona vikipita. Taa zilipowaka alisimama Bi. Naima, mwenye mikorosho mingi na wakwe watatu, mjane. Sote tulijua kuwa binti yake ameolewa Lindi mjini, na kwamba Bi. Naima humtembelea kwa basi la asubuhi na kurudi kwa basi la jioni, hata kukiwa na mtoto mchanga, kwa kuwa hawezi kulala kwa mkwe. Bi. Katarina naye ana binti Kilwa Masoko, anaitwa Bertha. Mabasi yake ni hayo hayo, la asubuhi na la jioni.

Bi. Naima alimshtaki yule baba barabara, hakubakisha mfupa. Katarina akajibu kwa sauti ya baba, akaomba radhi, akasema hakuwa na pa kumwacha mkwe wake. Haikukubaliwa. Akaomba tena. Haikukubaliwa, na nikaona watu wa pembeni wanaanza kukunja mikeka. Nilishika waya wa jenereta nikaona aibu, sijui hata aibu ya nani. Ndipo Katarina akabadilisha sauti. Akasema kwa sauti ya yule mama mkwe, ambaye filamu nzima hakupewa la kusema:

“Nilipanda mwenyewe, hakunibeba mtu. Mume wangu amekufa, wanangu na wajukuu wote wamo humo chomboni. Mlitaka mimi nibaki nchi kavu nizungumze na nani?”

Bi. Naima akajitanda khanga vizuri, akaketi. Akina mama wakaanza kunong'onezana, na wanaume wakajifanya wanatafuta kandambili zao. Mimi nililia. Nimeandika hapa ili Bi. Katarina aache kuwahadithia watu kwamba nililia kwa kwikwi. Yalikuwa machozi ya kawaida.

Hukumu ilisomwa na Bi. Naima mwenyewe, akiwa amekaa. Mama hana kosa. Baba ana kosa moja, hakuweka pazia, na mashua isisafiri tena mpaka pazia liwekwe. Filamu ni nzuri, irudishwe mwezi ujao. Kuhusu faini, waliona si haki Bi. Katarina aadhibiwe kwa mashua iliyoletwa na mwingine. Asubuhi Benjamin alikalishwa kwenye magunia ya mahindi, na kufika saa ya chai vidole vyake vilikuwa vimeiva. Ni hapo, bila kuulizwa, alipomwambia Bi. Katarina abaki na kipaza sauti chake. Alivyosema ni kuwa studio inaweza kumchekesha mtu yeyote, ila haiwezi kukaa hapa. Wiki ile, niongeze tu, Bi. Naima alikwenda Lindi kwa basi la asubuhi na akarudi baada ya siku nne.

Hayo ndiyo mafanikio ya Bi. Katarina. Vyeti anavyo vitatu, viko ukutani kwake, mtakaofika mtaviona. Kasoro zake pia anazo: anakula mihogo ya wenzake, anampangia dereva gia, na hakuwahi kujifunza Kiingereza.

Ofisi inamshukuru. Walio Rondo, Mchinga, Kilwa na vijiji vya ndani, waliocheka na waliomshtaki, wanamshukuru kwa kuwajibia watu ambao wenyewe hawakuwahi kujua wameshtakiwa. Mimi namshukuru kwa stori za barabarani, na nasema wazi kwamba gari litakuwa kimya na sitalipenda.

Anayekabidhiwa kipaza sauti ni Benjamin. Aliomba mwenyewe. Kazi yake ya kwanza ni Jumamosi ya kesho yake, kule Miteja, ambako kesi ya baba wa mashua iko wazi mpaka leo na Bw. Yassin hajasahau hata neno. Bi. Katarina atakuja kama mtazamaji, na mkeka ameshanunua. Ametuarifu kuwa taa zikiwashwa tu, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kusimama na kuuliza.

Mama, tunakutakia maisha marefu na mema ya kukaa mkekani. Tunajua hutakaa.