Baba Aliyehamishia Godoro Sebuleni

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mkate Moto, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa kitindamimba wa fundi viatu.

Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu alizipenda, lakini mwandiko wake, tuseme ukweli, hata yeye ulimshinda kuusoma.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, akafanya kazi zamu ya usiku hadi alipostaafu mwaka 2006. Asubuhi alirudi na unga masikioni. Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 12 Agosti 1972, wakajaliwa watoto watatu: kaka yetu, mimi ninayesoma, na mdogo wetu wa kike.

Kwa kuwa alilala mchana, tulilelewa kwa neno moja: "Shh!" Kaka ndiye aliyeambiwa neno hilo zaidi. Utoto wake wote alicheza kwa kunyata, akaenda shule ya bweni bila kumzoea baba. Baadaye mdogo wetu, akiwa na miaka minne, alimwambia jirani, "Baba yetu kazi yake kulala tu." Baba alimsikia kupitia dirisha. Hakugomba. Kesho yake alihamishia godoro sebuleni.

Mama akamwambia, "Wewe, na hawa hutapata usingizi hapo!"

"Nitazoea, mama watoto. Waache wapige kelele."

Basi tulimkwea, tukampaka poda, naye akaamua ugomvi wetu akiwa amefumba macho. Mara nyingi alimtia hatiani asiyekuwepo. Tulimpenda mno. Lakini kaka alikuwa ameshakua, hayo yote yakampita akiwa bwenini, na jambo hilo lilimuuma baba miaka mingi.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa kazi. Hali ilipozidi, kaka alichukua likizo akaja kumwogesha. Mwanzoni waliulizana hali tu, kama watu waliokutana kwenye foleni. Asubuhi moja baba akamwambia, "Mwanangu, nilikuwemo humu ndani lakini sikukuona ukikua. Hebu nisimulie. Anzia darasa la kwanza."

Kaka alicheka, kisha akalia, kisha akaanza: mwalimu wa kwanza, rafiki aliyehama, kijana mkubwa aliyempora kofia.

"Huyo wa kofia ulimfanya nini?" baba alidakia.

"Nilimkimbia, baba."

"Ulifanya vizuri. Ningekuwepo tungekimbia wote."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Sisi wengine tulifukuzwa chumbani, na tuliondoka kwa furaha. Baba alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, nyumbani, kaka akiwa amefika darasa la sita.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Kaka ameomba tukishamaliza mazishi, sote tutangulie nyumbani. Yeye atabaki hapa kaburini kidogo, maana darasa la saba bado hajamsimulia.

Pumzika kwa amani, Baba, na umsikilize.