Tusekile Mbonile, Mama wa Maktaba ya Mlowo

Marehemu Tusekile Mbonile alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kijiji cha Itale, milimani Ileje, kwa Mzee Abrahamu Mbonile na Bibi Nesta. Wazazi wake walikuwa wamezika watoto wawili kabla yake. Huyu alipolia kwa nguvu walimwita Tusekile, yaani tumefurahi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Itale hadi darasa la saba, mwaka 1967. Mwaka 1972 alifunga ndoa na Mzee Yesaya Mwampashi, fundi seremala na mkulima wa kahawa, wakahamia hapa Mlowo. Baada ya miaka mitatu alipata mafunzo ya kufundisha elimu ya watu wazima. Wapo wazee hapa msibani waliojifunza kuandika majina yao mbele yake, na walio wakweli watakiri kwamba alikuwa mkali.

Lile jengo la matofali ya kuchoma mlilolipita mkija, karibu na barabara kuu, lilikuwa ghala la kahawa la ushirika. Vyama vilipovunjwa mwaka 1976, likabaki na popo. Wanakijiji waliliomba, wakalipaka chokaa, Mzee Yesaya akachonga rafu, na mwaka 1978 likafunguliwa kuwa maktaba. Ufunguo alikabidhiwa marehemu.

Tarehe 21 Novemba 2009 upepo uling'oa paa lote. Marehemu alikuwa shambani akipanda mahindi, akaja mbio na jembe mkononi. Alipiga kelele, akina mama wakatoka na mabeseni na maturubai, na mvua ilipokolea vitabu vingi vilikuwa vimeshaingia nyumbani kwake.

Ilidhaniwa vitakaa humo mwezi mmoja. Kitanda kiliinuliwa juu ya matofali ili vingine vikae chini yake, kabati la nguo likahamia barazani, na watu wakawa wanakuja kuazima sebuleni huku familia ikila. Mchwa alipambana nao kwa majivu. Panya aliwaachia paka. Wageni walipouliza habari za nyumbani, Mzee Yesaya alijibu, "Mimi nilioa mtu mmoja. Sasa naishi na mji mzima."

Mwaka 2016 uliitishwa mkutano wa hadhara. Brayan Siame, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Tunduma, aliomba aezeke jengo kwa bati lake, alitumie kama ghala miaka mitano, kisha alirudishe. Wengi waliafiki, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na uwezo wa kuweka paa. Marehemu alisimama.

"Mwanangu, nyumba ikishazoea magunia hairudi kuwa maktaba."

"Mama, nipe hiyo miaka mitano tu."

"Miaka sina ya kugawa. Mimi si kijana."

Watu walicheka, kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono, akashindwa.

Miaka hiyo ilikuwa mizito kwake. Kila msimu wa mavuno aliona malori yakirudi nyuma hadi mlangoni pale. Mara ikasemwa Brayan ameshapata hati ya kiwanja, mara ikasemwa atabomoa ajenge hoteli. Alikuwa akimwambia binti yake Diana, "Nikifa kabla, vitabu msivitupe. Mtavipeleka wapi sijui, ila msivitupe."

Oktoba 2021 alikuwa uani akipepeta maharage, Brayan akaingia peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniambia nini?"

"Mzigo wa mwisho nimeutoa jana. Ufunguo huu hapa. Sakafu ilikuwa imevunjika, nimeipiga saruji upya."

Marehemu hakuupokea. Aliuliza, "Na bati unaling'oa lini?"

"Siling'oi. Si tulikubaliana?"

Aliweka ungo chini, akakaa pale pale kwenye maganda ya maharage, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akashindwa kunyamaza. "Nimekuogopa bure, mwanangu," alisema. "Miaka yote hii, bure kabisa." Brayan aliondoka na kuku wawili. Marehemu aliagiza kwamba siku habari zake zitakaposomwa, jambo hili lisirukwe, na Brayan, ambaye yuko nasi hapa, asiachwe bila kutajwa.

Februari 2022 maktaba ilifunguliwa tena. Jioni vitabu vya mwisho vilipotoka nyumbani, wazee wawili walikaa chumbani mwao na sauti zao zikawa zinarudi kutoka ukutani. Mzee Yesaya alitazama huku na huku. "Mama Jonasi," alisema, "chumba kimekuwa kikubwa, nitakupoteza humu."

Mwaka 2023 alianza kuvimba miguu na kubanwa pumzi. Alipopimwa Mbeya, ilionekana moyo umepanuka. Alitumia dawa kwa utii ambao haukuzoeleka kwake, na kwa muda mrefu aliweza kwenda maktaba na kukaa dirishani. Mei mwaka huu hali ilibadilika. Diana alimuuliza kama kuna jambo linalomsumbua. "Hakuna," alijibu. "Lililokuwa linaninyima usingizi lilishapita. Niletee uji, na usiufanye mwepesi."

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe, akiwa na umri wa miaka 72.

Marehemu ameacha mume, Mzee Yesaya. Watoto watatu, Jonasi, Diana na Tuntufye. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja.

Mama Jonasi, umefanya kazi, umechoka, na mwisho wake umeuona kwa macho yako. Pumzika sasa, kwa amani yote.