Nilivyobaki na Wanawake Siku ya Maziko

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Na nyie mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, tumsifu sana!

Nianze na swali lililoninyima usingizi: ruhusa iliyotolewa kwa simu, ni ruhusa kweli?

Mnacheka. Mimi sikucheka. Niliwaza, mtandao ulikuwa unakatakata. Je, kama neno lililopotea ndilo lililobeba maana? Je, kama padre alidhani anaongea na mtu mwingine? Nina shahada ya teolojia niliyoisomea bara. Nimerudi hapa Wete kujiandaa kwa huduma ya walei. Na hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza wakati mwili wa Mzee Gaspari umelazwa sebuleni kwake Jadida, ukisubiri kuzikwa kesho yake.

Padre alikuwa Unguja, na boti hazikusafiri kwa sababu bahari ilichafuka. Alinipigia akasema, "Veronika, askofu ameshatoa idhini kwa hali kama hii. Ongoza maziko wewe. Kitabu cha maziko unacho." Nikajibu, "Sawa, padre." Ndugu zangu, nilisema sawa! Na somo hilo la walei kuongoza maziko nililijua vizuri. Niliwahi kulijibu kwenye mtihani nikasifiwa.

Lakini niwaambie mimi ni mtu wa namna gani. Ujumbe wa maneno manne nausoma mara nyingi kabla sijautuma, kisha nausoma tena baada ya kuutuma. Nimekulia Jadida, nyumba yetu na ya Mzee Gaspari zikiwa ndizo pekee za Wakristo katika mtaa mzima. Majirani Waislamu walitupenda. Sikukuu zao tulikula kwao, sikukuu zetu walikula kwetu. Hata hivyo, tangu utoto nilijifunza kushusha sauti nikisali, asije mtu akaniuliza kitu nikakosa jibu. Chuo hakikuniponya. Kilinipa mambo mengi zaidi ya kuogopa kuyakosea.

Sasa, wote mnajua kwa majirani zetu wanawake hawaendi makaburini. Wanaume hubeba jeneza, wanawake hubaki nyumbani na wafiwa. Mama yangu naye alizoea kubaki nao, ingawa kwetu hakuna anayemkataza. Asubuhi ile ya maziko, ua umejaa, wanaume wa mtaa wamekuja na majembe yao, kaburi wamelichimba wao tangu alfajiri, nikaona kofia zile zote, kanzu zile zote, nikajiwazia nimesimama mbele yao na kitabu, msichana wa juzi tu. Jeneza likainuliwa. Nikavuta ushungi, nikakaa kwenye mkeka kati ya akina mama.

Hakuna aliyenishangaa. Na hapa ndipo penye aibu yangu. Mzee mmoja alipita karibu yangu akasema, "Binti huyu ana adabu. Amesoma mpaka chuo kikuu lakini mila za watu anaziheshimu." Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Bwana anisamehe! Woga wangu ulivikwa nguo ya heshima, nami nikaivaa.

Huko makaburini wanaume wetu wa kanisa hawakuwa na kitabu. Kitabu nilikuwa nacho mimi, chini ya kanga. Mmoja akaanzisha Baba Yetu, wakaimaliza, wakatazamana. Wakafukia. Mzee Gaspari, aliyetufungia mabomba nusu ya nyumba za mji huu, aliyetunza taa ya kanisa miaka yote, akazikwa bila hata somo moja.

Tuliondoa matanga nami sijasema kitu kwa mtu. Nilishindwa kula. Kila nilipomwona mjane wake, Mama Tekla, nilibadilisha njia. Nikaanza kutunga barua kichwani ya kumwambia padre kwamba sina wito, na niliirekebisha kila siku.

Ndipo Bi Asha, jirani yake Mama Tekla, aliponiita barazani kwake akiwa anachambua mchele.

"Njoo hapa, mwanangu. Mume wangu ndiye aliyeshika jembe kaburi la Gaspari. Karudi hana raha. Kasema, wale wenzetu wamesimama pale kama watu waliosahau ufunguo ndani. Ndiyo dini yenu ilivyo?"

"Hapana, Bi Asha. Kuna sala zake."

"Nani huzisoma?"

"Padre. Akikosekana, mtu aliyepewa idhini."

"Alikuwapo?"

Nikachota mchele, nikaanza kuuchambua nami. Akaacha mchele, akanitazama.

"Ni wewe! Si ndiwe uliyekwenda kusomea? Mbona ulikuwa mkekani unakunywa chai yangu?"

"Nilibaki na nyinyi kwa heshima, Bi Asha. Mila za hapa."

"Heshima ya nani? Mie nilikutuma? Mie siendi kaburini kwa dini yangu. Wewe yako inakukataza?"

"Hainikatazi."

"Basi usinisingizie mie. Sema uliogopa, mtu ajue anaongea na nani."

Ndugu zangu, nilisoma vitabu vizito vya toba. Hakuna kilichonifikia kama neno lile. Nililia pale pale barazani, naye akanisogezea kikombe, akasema kwa utani, "Lia, lakini mchele wangu usiuloweshe."

Nilipofika nyumbani nilipiga magoti. Sikuomba ujasiri, maana ningekaa kuuchunguza kama ni ujasiri wa kweli. Nilisema tu, "Bwana, niliogopa." Yesu ni mwema! Kifua kilifunguka. Maswali hayakuondoka, lakini yalikoma kuniamrisha.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Mama Tekla. Nikamwambia yote: simu, ruhusa, kitabu chini ya kanga. Kisha akasema, "Nilidhani mume wangu hakustahili kusomewa." Neno hilo ninalo mpaka leo, na sitaki liniondoke. Nikamwomba msamaha. Akasema atanisamehe, lakini siku ya kuweka msalaba nisome mimi, kwa sauti, mbele ya wote waliokuwapo.

Tuliuweka Jumamosi iliyopita. Padre alikuwapo, nikamwomba asimame nyuma. Mume wa Bi Asha alikuja na wenzake. Niliogopa vilevile, nikakosea mstari mmoja, nikarudia. Nikasoma somo, nikasoma sala zote, nikamtaja Gaspari kwa jina lake la ubatizo. Hakuna aliyecheka. Mama Tekla aliitikia kila sala.

Namshukuru Mungu, nakushukuru Mama Tekla hapo ulipoketi. Na wewe unayesubiri woga uishe ndipo umtumikie Bwana, mtegemee Yeye, nenda nao huo woga wako.

Jana nimemwambia padre aniweke kwenye zamu ya maziko, na ameniweka. Kwa hiyo mauti yakitufika na padre yuko ng'ambo, msihangaike kutafuta mwanamume wa kusoma. Nipigieni mimi. Nitatangulia mbele ya jeneza, nanyi mtafuata nyuma.