Dulce Medeiros Furtado na Kipande cha Mwisho cha Zeca

Tunayemsindikiza leo, Dulce Medeiros Furtado, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapahapa Fall River, Massachusetts, kifungua mimba wa mzee Honório Medeiros, fundi wa kiwanda cha nguo, na mama Idalina. Aliyemfuata ziwa ni Zeferino, Zeca wetu. Wazazi wakiwa zamu, Dulce ndiye aliyempikia supu ya sukumawiki. Zeca akisusa, alikuwa akimkaripia, "Kula wewe, usiniaibishe kwa mama!"

Alisoma shule za hapa, kisha chuo kikuu Boston, akahitimu uzamivu wa elimu ya virusi mwaka 1988. Mwaka huohuo Zeca akakutwa na virusi vya UKIMWI.

Tarehe 6 Oktoba 1990 aliolewa na Adelino Furtado, mwoka mikate. Wakati wa uchumba Adelino alimpelekea mkate mtamu maabara, akaambiwa chakula hakiingii. Wakaula wamesimama koridoni. "Jokofu la huyu mwanamke lina wageni wengi kuliko meza yangu," analalamika mpaka leo. Walijaliwa binti, Leonor.

Zeca alifariki mwaka 1992. Virusi vilikuwa vimempanda ubongoni, akawa hamjui tena dada yake. Alikuwa akimshika mkono na kumuuliza, "Nesi, dada yangu anakuja lini?" Dulce alimjibu, "Yuko njiani, Zeca." Kabla akili haijamtoka, Zeca alikuwa ametia saini ubongo wake uende kwa watafiti. "Chukua, dada. Ujue kilichoniingia."

Kazi yote ya Dulce ilitoka hapo. Virusi vya damu ya Zeca vilishindwa kuingia kwenye zile seli kubwa za kinga zinazomeza vijidudu, maana milango ya virusi kwenye seli hizo ni michache. Vya ubongoni viliingia bila shida. Dulce akaamini siri imo kwenye jeni za ganda la nje la kirusi, akaitafuta miaka na miaka, akasifiwa. Mwaka 2003 jeni zikalinganishwa upya. Lo! Kumbe vilivyostawi kwenye sahani za maabara havikuwa vya Zeca. Vilikuwa virusi vya mazoezi vinavyofugwa maabara, vilivyozoea seli hizo na vinavyoota kama magugu. Alivishika siku moja na vya Zeca, kwenye kabati moja la kazi, tone likarukia sahani ya Zeca. Hakumsingizia mtu. Alifuta matokeo yake mbele ya wenzake, akarudi nyumbani akamwambia Adelino, "Nimelea mtoto wa watu."

Kilibaki kipande kimoja cha ubongo wa Zeca kwenye barafu ya maabara, kidogo kama kucha. Alikiogopa, kwani kikiyeyuka hakuna kingine.

Agosti 2018 alipatikana na saratani ya kongosho. Kipande akamkabidhi mwanafunzi wake, Maribel Quiñones, akipime upya, ambaye Januari alikuja hospitali macho yamevimba.

"Usinifiche, mwanangu."

"Hakuna kitu, mama. Kilishaharibika. Hata jeni haikupatikana."

Dulce akageukia ukutani. "Basi Zeca kaondoka nalo jibu."

Tunaumia, wala hatuna la kuwafariji wafiwa. Alikata roho tarehe 9 Februari 2019. Asubuhi ile Leonor alimshika mkono, mama akamtazama asimjue.

"Nesi," aliuliza, "Zeca amekula?"

"Amekula, mama."

Ameacha mume, Adelino, binti, Leonor, na wajukuu wawili, Tomás na Inês. Tunamlaza kando ya Zeca. Mungu ampe huko pumziko alilolikosa kwetu.