Historia ya Mpole na Mkoba Wake Mweusi

Ndugu waombolezaji, jina kamili la marehemu mmelisoma kwenye kadi mlizopewa mlangoni, lakini nyumbani tulimwita Mpole, na kwa jina hilo anasomewa historia yake na shangazi yake, dada wa baba yake, mtunza ghala wa shule kwa miaka ishirini na miwili, kazi iliyomfundisha kwamba kitu hakipotei, kitu huchukuliwa.

Mpole alizaliwa tarehe 9 Machi 2001, katika hospitali ya mjini, akiwa mtoto pekee, na baada ya wazazi wake wote wawili kututoka mwaka 2007 kwa ajali moja ya barabarani, alihamia kwa shangazi akiwa na begi moja na rula iliyovunjika, akalelewa hapo kama mtoto wa kuzaa, na mwenye la kusema kuhusu malezi hayo alikuwa na miaka kumi na minane ya kulisema.

Alianza shule ya msingi Januari 2008, akamaliza mwaka 2014, kisha akasoma sekondari hadi 2020, ambako walimu walilalamika kwamba madaftari yake yana picha nyingi kuliko majibu. Septemba 2022 alijiunga na chuo cha sanaa, stashahada ya miaka mitatu ya uchoraji wa hadithi, na shangazi, kwa kuwa si mtoto wa jana, alipanda basi kwenda kuhakikisha kama chuo chenyewe kipo. Alikuta chumba chenye madirisha makubwa, wanafunzi kumi na wanne wamemzunguka mzee mmoja aliyekaa kwenye stuli bila kufanya lolote, wanamchora kwa saa mbili, akauliza kama hiyo ndiyo shule, na mwalimu akamweleza kwa heshima zote kwamba mchoraji wa vitabu lazima aweze kumchora mtu yule yule, akikaa, akikimbia, akilia, ukurasa hadi ukurasa, na msomaji asimpoteze. Shangazi hakuridhika, ila alipanda basi akarudi nyumbani.

Kwa upande wa kazi, kuanzia Juni hadi Agosti 2024 alifanya mafunzo kwa vitendo katika nyumba ya uchapishaji, wakubwa zake wapo hapa, akajifunza kutengeneza kitabu cha mfano, kupima nafasi ya maneno kabla ya kuchora, na kupokea masahihisho bila kununa. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kukamilisha kitabu cha picha cha kurasa thelathini na mbili, ambacho wachapishaji wangekuja kukitazama chuoni tarehe 13 Juni 2025. Mpole alichagua kisa cha fundi saa aliyechelewa harusi ya binti yake mwenyewe, akakibeba kila alikokwenda katika mkoba mpana mweusi, akalala nao kitandani kama mtu na mkewe. Kuhusu mke hasa, marehemu hakuoa na hakuacha mtoto, na kama yupo mwenye taarifa tofauti, aje kwa familia taratibu, hatutamla.

Mwezi Januari mwaka huu mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, akasema ni uchovu. Tarehe 12 Mei alilazwa, madaktari wakakuta uvimbe kichwani. Ndipo akajitokeza mwanafunzi mwenzake, kijana ambaye chuoni humwita Miwani, aliyefika kila siku saa kumi jioni, akavuta pazia la kitanda, wakanong'ona, na kila shangazi alipochungulia, mkoba ukafungwa haraka. Shangazi alijisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Tarehe 31 Mei aliingia bila hodi, akamkuta Miwani na kifutio, anafuta mistari ya marehemu kwenye ukurasa wa ishirini na saba na kuchora ya kwake juu, kisha akaondoka na mkoba kwapani, macho chini. Kesho yake shangazi alimwita mwizi mbele ya geti la hospitali, akamwagiza mlinzi asimruhusu kukanyaga wodini. Tangu hapo mkoba haujaonekana, na kama aliyekula jasho la maiti yumo kati yetu, ajue kwamba familia inamjua.

Hapo ndipo karatasi ilipoishia jana jioni. Ukurasa wa pili umeandikwa leo saa moja asubuhi, kwa peni nyingine, na shangazi amekataa kuufuta wa kwanza, kwa kuwa aliyemtukana mtu hadharani amwombe radhi hadharani.

Leo asubuhi Miwani alibisha hodi, hakutaka kuingia, akautua mkoba kizingitini. Kurasa zote thelathini na mbili zimo, na kuanzia ya ishirini na tatu, pembeni, yapo maagizo ya marehemu, kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala huku na huku, inua bega la fundi, punguza kivuli, hiyo pua si yake rudia. Mkono wa kulia ulikuwa hauwezi tena kushika penseli, shangazi aliambiwa umelegezwa na sindano tu, kwa sababu Mpole alimwapisha mwenzake asimwambie ukweli shangazi, yule mama anayewatambia majirani kwa kujivunia mkono huo. Miwani alikitunza kiapo, hata alipoitwa mwizi hakufungua kinywa, akaikamilisha kazi, akaionyesha tarehe 13 Juni, na jina lililo jaladani ni moja, la marehemu. Kila jioni alirudi getini akazuiwa, na tarehe 18 Juni alikuja na barua ya mchapishaji kwamba kitabu kimekubaliwa. Mlinzi alimrudisha, kama alivyoagizwa.

Na kila jioni saa kumi, Mpole aligeuza shingo kutazama mlango, akauliza kama Miwani amekuja, naye shangazi, simu ya marehemu aliyoichukua ikitetemeka mfukoni mwake, Miwani akipiga, akajibu kwamba hajaja, vijana ndivyo walivyo, ukiugua hawakujui. Siku tatu za mwisho hakuuliza tena. Alifariki Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka ishirini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani mlioleta viti na maji, walimu na wanafunzi wa chuo, wakubwa na wenzake wa nyumba ya uchapishaji, pamoja na mlinzi, ambaye hana kosa. Miwani, mbona umesimama nyuma huko kama mgeni, njoo ukae mbele, kiti hicho ni cha ndugu, unisamehe ukiweza, na usipoweza, ukae vilevile.

Nawe Mpole, mwanangu, nilikudanganya. Alikuja, alikuja kila siku, mimi ndiye niliyemzuia. Pumzika kwa amani ukijua hukutupwa.