Pima Sitini na Tisa za Mama Adrienne Kabwe

Banapapa na banamama, Padri wetu Christophe, majirani wa kartie, mtaa wetu, ninyi mliokuja kwa boti toka Kalemie na ninyi mliotapika njiani, poleni, na wewe Papa Kizito uliye huko juu na vijana wako, ambaye masikio yako bado ni mazuri kuliko macho, familia imemuchagua mujukuu Dédé, muendesha moto, pikipiki ya abiria, anayejulikana toka soko mpaka porti, na kama kuna asiyemujua basi huyo anatembea kwa miguu, awasomee maisha ya kambo yetu aliyewazaa wazazi wetu, Mama Adrienne Kabwe, kwa sauti ya kufika juu.

Wasiojua desturi ya Bakwezi wasishangae wakisikia marehemu anachekwa, kwa maana kwa watu hawa wa kamba, wanaohama toka ukuta mmoja wa jiwe kwenda mwingine wakifuata nyuki, kivuli na maji ya matone, sifa zinaongeza uzito, maiti aliyesifiwa kutwa nzima anakuwa kama jiwe la kusagia, na anayemuvuta kwa kamba kwenda kaburi lake la juu atatulaani sisi wa chini, ndiyo sababu wajukuu wanapewa ruhusa ya kumutania marehemu mpaka apungue, na Mama Adrienne, mnajua wenyewe, alipenda bukari, ule ugali wetu, kwa hiyo kazi iko.

Mama Adrienne Kabwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 kwenye ukuta huu huu wa Jiwe Mama, kusini mwa Kalemie, mutoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wake, ingawa tarehe hiyo alipewa miaka mingi baadaye na karani wa ofisi ya komine aliyeona aibu kuacha nafasi wazi, maana Bakwezi hawahesabu tarehe. Mutoto akitimiza mwaka, kaka yake mukubwa anamusukia kamba pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na kila mwaka anaunga pima ingine, hata ukimuuliza Mukwezi ana miaka mingapi hajibu, anakuonyesha kamba. Kamba hiyo njo inamupandisha siku ya mwisho, mvutaji anakaa pale juu inapoishia, na pale inapofika njo kaburi, ndani ya tundu la jiwe, hivi walioishi sana wanalala juu na mwewe, na waliokufa vijana wanalala chini, karibu na sisi wenye kelele. Kamba ya Kabwe ilisukwa na kaka yake, ambaye katekista mmoja aliyepita na boti alimubatiza jina la Kizito, na Bakwezi walicheka wiki nzima, kumupa jina zito namna hii mutu anayeishi ananing'inia.

Kuhusu masomo, marehemu na musomaji wenu ni damu moja, wote wawili walimupumzisha mwalimu mapema. Shule yake ya kwanza ilikuwa mugongo wa mama yake, alifungwa hapo mpaka meno ya maziwa yalipotoka, akajifunza sheria ya kwanza ya ukuta, kwamba viungo vitatu vishike na kimoja kitafute, kisha akajifunza maneno mawili ambayo Mukwezi asiyeyajua haruhusiwi kupanda. Aliye juu, akishaishika kamba vizuri, anaita «Nimeshika!», na aliye chini, akishalisikia neno hilo, anatoa mikono kwenye jiwe, anaacha uzito wake wote kwenye mikono ya mwenzake, na anajibu «Nimeachia!», na kwa Bakwezi hakuna neno kubwa kuliko hilo, mutu anaweza kuishi mpaka kuzeeka akiwa amewaambia watu wawili au watatu tu. Shule ya kuandika alianza parokiani mwaka 1984, akatoka siku ile ile alipoweza kuandika jina lake, akisema hana jina lingine la kuandika, na hilo musomaji wenu analiunga mukono.

Kazi yake ilikuwa asali, na kazi hiyo njo ilimuleta chini. Mwaka 1979, alipokuwa anauza asali porti ya Kalemie, aliona grue, ile mashini ndefu inayonyanyua mizigo toka ndani ya batimaa, meli kubwa, akaweka vibuyu vyake chini, akaiangalia inavyoshika sanduku kubwa kama nyumba, inavyoliinua, inavyolishusha polepole bila kuliangusha, na akauliza watu nani anashika pale. Wakamujibu, Emile, wa Kabalo. Hakutafuta ngazi, alipanda kwa mikono toka nje, chuma kwa chuma, na Papa Emile aliyekuwa ndani anakula muhogo wake akaona kichwa cha musichana kwenye dirisha, huko juu wanakopita ndege peke yao, akamwaga maji. «Mama, unatafuta nini huku?» akauliza, na yeye akajibu, «Natafuta mwenye mikono.» Hapo ndipo tulipoanzia sisi wote.

Papa Kizito hakupenda. Alimwambia dada yake kwamba bwana wa chini ni kama mbuzi wa chini, ananona lakini hapandi, na kusema kweli hakukosea, Papa Emile alikuwa mwembamba kama uzi, lakini siku alipoletwa kuonyeshwa kwa wakwe alipanda pima mbili, akafunga macho, akashika mzizi, na ilibidi ashushwe ndani ya wavu wa mbuzi, pamoja na mbuzi. Hata hivyo, tarehe 19 Julai 1980, Kabwe alishuka kwa kamba yake ya pima ishirini na nne, na alipokanyaga mchanga aliangalia juu, akangoja neno, na kaka yake, badala ya neno, akaifungua kamba huko juu akaiachilia, ikaanguka yote mbele ya miguu yake. Kwa Bakwezi maana yake ni moja tu, kwamba miaka yako imesimama hapo, hakuna wa kukuungia pima, na ukifa leo ao ukifa mzee, utalala kwenye matundu ya chini kama musichana wa miaka ishirini na nne. Aliikunja kamba, akaiweka begani, akaingia ndani ya boti.

Ndoa ilifungwa jumamosi tarehe 7 Machi 1981, mbele ya Padri huyu huyu, ambaye siku hizo alikuwa na nywele. Padri aliuliza kama anamukubali Emile kuwa mume wake, na bibi-arusi, kwa sauti ya ukuta, sauti ya kutisha popo, alijibu, «Nimeachia!» Mama Constance, mama ya bwana-arusi, akapiga yowe, «Ameachia! Mbele ya Mungu ameachia mutoto wangu!», shangazi mmoja akaanza kuvua kitambaa ajiandae kupigana, wapiga ngoma wakatoka nje wakijua hakuna tena pilau, Padri akafunga kitabu chake. Papa Emile njo alisimama, jasho linamutoka, lakini anacheka mpaka fizi, akaeleza kwamba huyu mwanamuke amemwambia neno ambalo hata mama yake mwenyewe hajamwambia, na Padri alipomuuliza na yeye anajibu nini, akajibu, «Nimeshika, Padri.» Mama Constance alikubali kula, lakini mpaka kufa kwake kila walipogombana alimuuliza, «Ni leo unaachia, ao tungoje kesho?»

Mungu aliwajalia watoto watatu, Wilfried, Laurette na Syntiche, na wajukuu kumi na moja, wazuri wote, na mmoja muzuri zaidi ambaye unyenyekevu unamukataza kumutaja. Maisha ya bapa yalimusumbua mwanzoni, hakuweza kulala kitandani bila kujifunga kamba kwenye muguu wa kitanda, aliogopa kuanguka, na majirani walioona kwenye dirisha wakaenda kumushitaki Papa Emile kwa chifu wa kartie kwamba anafunga bibi yake kama mbuzi. Kamba ile ya pima ishirini na nne, alipozoea kitanda, aliitoa nje, akaifunga toka nyumba mpaka muti wa avoka wa jirani Mama Louise, akaanika nguo. Miaka arobaini na zaidi kartie nzima imeanika pale, mashuka, nepi, soutane ya Padri, na ukimuuliza kwa nini kamba ya maisha inabeba kaleso, chupi za watu, alikujibu, «Ilianguka bila kazi, nikaitafutia kazi.» Alicheka akisema hivyo, lakini kila mwaka mwezi wa tatu aliigusa toka mwanzo mpaka mwisho, na akifika mwisho, anashika ile ncha kidogo, halafu anaenda kupika. Wajukuu tuliona.

Kama hakukuwa tena na ukuta, alipanda kila kitu kingine, alipanda mapaa kuziba bati, alipanda michikichi, na mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya Papa Emile kutuacha, kengele ya parokia ilipokatika alipanda munara kwa mikono, akiwa na miaka sitini na moja na viatu vya kanisa, Padri Christophe akipiga kelele chini, «Mama Adrienne, shuka!», na yeye akajibu, «Padri, mimi nilishuka zamani, acha nipande kidogo.» Kengele inalia mpaka leo, imepinda kidogo upande wa soko, lakini inalia.

Ugonjwa ulianza mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2025, moyo ulipanuka, na docta alipomwambia kwamba moyo wake umekuwa mukubwa kupita kiasi, alijibu kwamba wifi zake hawataamini. Kifo hakikumuogopesha, aliogopa kitu kimoja, na alikisema kwa Mama Louise wakati wanachambua majani ya sombe, kwamba yeye, mama wa watoto watatu, mwenye mvi na meno ya kuhesabika, atalazwa chini na vijana waliokufa hawajaoa, na ataanza kuwapikia tena. Wavuvi wa kusini walilisikia neno hilo, na walipopita chini ya Jiwe Mama walilipiga kelele juu.

Tarehe 2 Juni, Papa Kizito, ambaye katika miaka yake sabini na nane hajawahi kukanyaga lami, alitoka ndani ya boti na furushi kubwa begani, lililofunikwa ngozi ya mbuzi. Motari aliyemubeba, ambaye njo huyu anayewasomea, na ambaye hajawahi kuangusha abiria, anaweza kushuhudia kwamba muzee aliogopa barabara kwa sababu haina ukuta wa kushika, kwa hiyo alishika shingo, na alishika vizuri sana. Alipoingia katika kiwanja akaona kamba. Juu ya kamba kulikuwa na kanga, matandiko, na kaleso nne za mujomba Wilfried, nyekundu. Alisimama. Tulijua sasa ni vita. Halafu mabega yake yakaanza kutetemeka, na tukadhani analia, kumbe anacheka, akasema, «Kabwe, kamba yako imeota majani!», na ndani ya nyumba sauti ya kambo, ambayo tangu siku tatu haikusikika, ikajibu, «Kaka, na wewe umechelewa, chakula kimepoa!»

Alikaa kando ya kitanda, akafungua ile ngozi, na ndani yake mulikuwa na kamba, imekunjwa duara juu ya duara, ya chini nyeusi kwa uzee, ya juu bado nyeupe. Pima arobaini na tano. Kila mwaka, huko juu, katika kila ukuta walikohamia, mwezi wa tatu alikaa peke yake akasuka pima moja ya dada yake, ambaye yeye mwenyewe alimuangushia kamba, na hakumwambia mutu. Mama Adrienne aliigusa toka mwisho mpaka mwanzo, na alipomaliza alimuuliza kwa nini hakuileta mapema, na yeye akasema, «Nilikuwa na hasira, sikuwa na wazimu.» Kesho yake alitoka nje, akatoa pensi za kubania nguo moja moja, akaziweka ndani ya kofia yake, akaunganisha kamba ile ya kiwanja na ile ya ngozi, na kambo alikuwa anamuchunga kwenye dirisha na kumwambia kila mara kwamba anafunga vibaya.

Mama Adrienne Kabwe alituacha jumanne tarehe 17 Juni 2025, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa ameshiba, akiwa amemutukana kaka yake mara ya mwisho kuhusu chumvi.

Familia inawashukuru docta na waforomo, wauguzi wake, waliomutunza na kuvumilia utani wake, majirani wote wa kartie, hasa Mama Louise aliyetoa muti wake, na tunaomba kila mwenye nguo iliyobaki aje aichukue, kamba imepata safari, tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake Papa Emile wa porti, wanaparokia, na wavuvi wa kusini wenye midomo mirefu, Mungu aizidishe.

Sasa karatasi imeisha. Papa Kizito, tumemucheka vya kutosha, amekuwa mwepesi, na kamba iko tayari mpaka ncha. Tunanyamaza tungoje neno lako, na ukilisema, sisi wote wa huku chini, wa boti na wa moto, wakatoliki na waprotestanti, tutamujibia kwa sauti moja lile neno lililotaka kuvunja arusi yake, kwa sababu leo yeye hawezi, na Padri safari hii hatafunga kitabu. Mama Adrienne Kabwe, kaka yako yuko juu, pima zako zote ziko, hata moja haikupotea, toa mikono kwenye jiwe, pumzika kwa amani.