Kanzu Aliyoivua Mwalimu Bramwel

Wasifu wa Mwalimu Bramwel Mukhwana (1941–2008), ulioandikwa na familia na kusomwa na mpwa wake Cate katika ibada ya kumuaga, ukumbi wa mtaa wa Woodley, Nairobi, kabla ya safari ya kwenda kumzika Kimilili.

Mwalimu Bramwel alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Kimilili, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Shem na marehemu Mama Namalwa. Alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Hakula mahali penye nzi, hakuvumilia wimbo ulioimbwa ovyo, na siku moja alitoka ibadani kwa sababu shemasi alikuwa anatafuna muwa wakati wa zaburi. Mzee Shem alimchapa, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Alisoma hukohuko Kimilili, akafuzu ualimu mwaka 1963, na mwaka 1966 serikali ikampeleka kufundisha Lamu. Alipanga chumba kwa Bi Zena, mama mtu mzima aliyezijua tenzi za kale kwa moyo na kuzisoma katika herufi za Kiarabu. Alipoomba afundishwe, aliambiwa akae asikilize. Alisikiliza mwaka mzima bila ruhusa ya kufungua kinywa, maana utaratibu wa Bi Zena ulikuwa kwanza sikio, kisha kinywa, kalamu mwisho. Mama Namalwa alipopata habari kwamba mwanawe anasoma Kiarabu, alimchukua mchungaji wakafunga safari hadi Lamu kumrudisha kwa Yesu. Walimkuta anaghani utenzi wa kumlilia maiti. Mchungaji alilia hadi akasahau kilichompeleka.

Mwaka 1973 alihamishiwa Nairobi, akafundisha shule moja karibu na Ngong Road hadi alipostaafu mwaka 1996. Tarehe 7 Desemba 1974 alimwoa Wangeci, binti kutoka Thogoto, wakaishi hapa Woodley katika nyumba ya halmashauri na kujaliwa watoto wawili, Namalwa na Ephantus.

Mwaka 2001 alifungua darasa la tenzi kila Jumamosi katika ukumbi huu. Walikuja wachache, wakiwemo Kisilu, fundi mawe wa Machakos, na Waceke, nesi wa Limuru. Majirani walicheka kwamba Mluhya anawafundisha Mkamba na Mkikuyu mambo ya Lamu. Kisilu alipokwenda kwao Krismasi, alighani katika matanga ya shangazi yake, na watu wakamzuia asirudi Nairobi kabla ya kuwafundisha. Waceke aliifundisha kwaya ya kwao. Kufikia mwaka 2003 dada yake Mwalimu alipiga simu kutoka Kimilili akishangaa kwamba vijana wa huko wanaghani tenzi kwenye vilio, na hakuna anayejua ziliingiaje. Elimu ya Bi Zena ilikuwa imefika bara zima kupitia watu waliokwenda kuzika.

Kisha wenye nafasi zao wakanusa. Kamati ya kufufua sanaa za kale iliundwa Spring Valley, mtaa wa matajiri, mwenyekiti Bwana Norman, katibu Bi Debra. Hakuna kati yao aliyewahi kukaa katika ukumbi huu hata Jumamosi moja. Ijumaa tarehe 15 Oktoba 2004 walimwalika Mwalimu kwenye karamu katika hoteli moja Westlands. Walimvisha kanzu na kofia, yeye mzee wa kanisa kutoka Kimilili, ili afanane na mtu wa Pwani. Alivaa, kwa sababu alitamani sana tenzi zisikike. Alichagua ule wa kumlilia maiti. Ubeti wa nne haujaisha, Bi Debra akamwinamia.

"Mwalimu, fupisha kidogo, wageni wako kwa chakula. Ama endelea tu polepole huko nyuma, isiwasumbue."

Mwalimu aliutazama ukumbi. Midomo ilikuwa inang'aa mafuta, mifupa ya kuku imetapakaa juu ya vitambaa vyeupe, na Bwana Norman alikuwa anachokonoa nyama menoni huku akitikisa kichwa kama anayeelewa. Maiti alikuwa anaoshwa katika ubeti ule, nao wanatafuna. Mwalimu alivua kanzu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya sinia la sambusa, akatembea kwa miguu hadi Woodley.

Jumamosi iliyofuata hakufungua ukumbi. Alisema ni heri tenzi zizikwe naye kuliko zigeuzwe kachumbari. Kisilu na Waceke walikuja, wakagonga, wakarudi makwao. Ilikuwa hivyo miezi mingi, hadi mkewe akachoka.

"Baba Namalwa," alimwambia, "wale wa Westlands walikukosea mara moja. Hawa wa Jumamosi, wewe ndio unawakosea kila wiki."

Ukumbi ulibaki umefungwa. Tuseme ukweli mbele ya jeneza lake: alikuwa mkaidi.

Mwaka 2006 alipatikana na saratani ya koo. Matibabu yalimbakisha hai, lakini sauti ikaisha. Kisilu alipokuja kumjulia hali, Mwalimu alimsogezea stuli, akagusa sikio lake mwenyewe, kisha akaelekeza kidole kwenye kinywa cha Kisilu. Darasa likarudi, safari hii sebuleni kwa Wangeci. Mtu akikosea, Mwalimu aligonga mkono wa kiti. Kisilu alighani kwa mahadhi ya Kikamba, ambayo zamani yangemfukuzisha, na sote tukangoja kiti kigongwe. Hakikugongwa.

Alifariki hospitalini Jumamosi tarehe 9 Agosti 2008, Kisilu akiwa kando ya kitanda, katikati ya ubeti. Kisilu aliumaliza.

Ameacha mjane, Wangeci, watoto, Namalwa na Ephantus, wajukuu wanne, dada yake, na wanafunzi wa Woodley, Machakos, Limuru na Kimilili, ambao tunawahesabu kuwa wa nyumbani.

Jana Bi Debra alipiga simu kuomba nafasi katika ibada hii. Kamati, alisema, ina mtu wake wa kughani, na atakuja na kanzu. Tumekataa. Shada lao tumelipokea, liko nyuma kule karibu na jiko.

Atakayeghani sasa ni Kisilu. Chai na mandazi vitangoja. Mwenye kitu kinywani akimeze.

Mwalimu, pumzika. Hakuna anayetafuna.